Kinachosogea Ndicho Kinachokufa: Miaka Yangu na Mashine za Gemu Mbeya

Mashine yangu ya kwanza ya gemu iliishi Mbeya kwa muda usiozidi sekunde tano. Ilikuwa PlayStation 2 ya lile umbo nene la mwanzo, iliyokwisha kutumika Japani, ikapitia Dar es Salaam na kupanda basi kuja huku kwetu ikiwa imeviringishwa shuka ndani ya boksi la sabuni. Nilichomeka waya ukutani, nikabonyeza swichi ya nyuma, ukasikika mlio mfupi kama wa punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni, kisha chumba kikajaa harufu ambayo mtu akishainusa mara moja haisahau. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi mbele ya televisheni ya chogo tangu alfajiri, aliniuliza kwa upole, "Kaka, ndiyo imeshawaka?"

Kosa lilikuwa langu, na onyo lilikuwa limeandikwa. Kibandiko cha nyuma kilisema volti 100, kwa kuwa huo ndio umeme wa majumbani Japani, na ukuta wangu ulikuwa na volti 230. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu hufikia volti 325 hivi, ilhali kapasita kubwa, kile kipande cha kutunza umeme kilichomo ndani ya vifaa vya volti 100, kwa kawaida hutengenezwa kustahimili volti 200 tu. Haikuwa na nafasi ya kupona. Fundi aliyeifungua alinionyesha fyuzi iliyoungua na kapasita iliyotumbuka, akabadilisha vyote viwili, kisha akaniuzia transfoma ya kushusha umeme iliyokuwa nzito kama tofali na yenye kunguruma usiku kucha. Siku hizi kero hiyo imepungua sana, kwa sababu mashine kama PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, ndani yake ina kigeuza umeme kilichotengenezwa kupokea chochote kati ya volti 100 na 240. Hata hivyo, kila ninapoletewa mashine kuukuu ya mtumba bado naigeuza kwanza na kusoma kibandiko, kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyotazama kila kamba.

Kifo cha namna hiyo huja ghafla na hufunza haraka. Vifo vingine nilivyoshuhudia katika miaka saba ya kuendesha kibanda cha gemu mtaa wa Soweto, hapa jijini Mbeya, vilikuwa vya polepole, na nilipofunga kibanda na kuyatazama mabaki yaliyojaa kwenye maboksi mawili niligundua jambo ambalo wakati wa kazi sikuliona. Karibu hakuna mashine iliyokufa kwa ubongo. Prosesa zilikuwa nzima, kumbukumbu zilikuwa nzima, na picha zilikuwa tayari kutoka endapo tu kingepatikana kitu cha kuzitoa. Kilichokufa ni kile kinachosogea: lenzi inayopanda na kushuka, feni inayozunguka, tundu la waya linalochomekwa na kuchomolewa, kijiti kinachosukumwa na kidole gumba. Mashine ya laki kadhaa husimamishwa na kipande cha shilingi elfu chache, na hasira yangu yote iko hapo.

Lenzi ndiyo iliyoninyima usingizi zaidi katika miaka ya mwanzo. Ndani ya PlayStation 2 mna leza mbili, kwa sababu mashine ile ilitakiwa kusoma DVD kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, na pia CD za kawaida kwa mwanga wa nanomita 780. Leza hizo hazichakai kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana mashine ingeweza kusoma vizuri kabisa gemu za DVD, zile zenye mgongo wa rangi ya fedha, huku ikizikataa gemu za CD, zenye mgongo wa buluu, na mteja akaapa kwamba nimemwekea diski mbovu ili muda wake uishe. Mimi mwenyewe niliamini kwa mwaka mzima kwamba diski ndizo mbovu, nikazitupa nyingi zisizo na hatia. Kuna diski moja ya mbio za magari ambayo hadi leo naijutia.

Diski zenyewe nazo zilichangia kuiua lenzi. Nyingi zilizouzwa mitaani zilikuwa za kunakiliwa, na diski ya kunakiliwa hurudisha mwanga hafifu kuliko ile iliyochapwa kiwandani, hivyo lenzi hulazimika kurudia mahali palepale mara kadhaa, ikipanda na kushuka kama mtu anayetafuta sindano kwa mwanga wa kibatari. Tulianza kwa kuifuta kwa pamba na spiriti, na kwa lenzi yenye vumbi tu hiyo ilitosha. Isipotosha, fundi alikuwa na mbinu yake: pembeni mwa leza kuna kiskrubu kidogo cha kurekebisha nguvu yake, na akikizungusha kidogo, mashine iliyokuwa kipofu huanza kuona tena. Jambo ambalo wengi hawakuambiwa ni kwamba leza inayosukumwa kwa nguvu zaidi huungua mapema. Ni sawa na kumchapa punda aliyechoka. Atatimua mbio, lakini mpaka kwenye kona inayofuata tu. Wateja nao walivumbua dawa yao, ambayo ni kuipindua mashine kichwa chini miguu juu, na jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi ilifanya kazi, kwa kuwa lenzi iliyolegea huning'inia upande mmoja na ukiigeuza mashine uzito huivuta kuelekea upande mwingine. Nilikuwa na wakati ambapo mashine mbili kati ya nne zilikuwa zimelala chali kama mende waliopuliziwa dawa, na bado watu walikuwa kwenye foleni.

Baadaye vijana waliachana na lenzi kabisa, wakawa wanaweka gemu kwenye flashi. Amani haikuja, kwa sababu tundu la USB la PlayStation 2 ni la kizazi cha zamani, lenye kasi isiyozidi megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo filamu fupi za katikati ya gemu hukwamakwama na sauti ya mtangazaji wa mpira hukatika katikati ya jina la mfungaji. PlayStation 4 nayo inanikera kwa njia yake. Diski yake ya Blu-ray hubeba hadi gigabaiti 50, na gemu hunakiliwa kwenye diski ngumu ya ndani kabla ya kuchezwa, kwa hiyo lenzi ingepaswa kupumzika. Lakini kila unapoanza kucheza, mashine hudai kwanza kuiona diski ili ihakikishe kwamba ni yako. Lenzi ikifa, unabaki na gemu nzima iliyomo ndani ya mashine yako, uliyoilipia, na mashine inakuomba uweke diski ambayo tayari imo.

Kuhusu joto, mtu wa Mbeya anayelalamika kwamba mashine yake inachemka huchekwa na ndugu zake wa Dar es Salaam, ambao wakija huku Julai hulala na makoti. Nimewahi kujaribu kuwaeleza bila mafanikio, kwa hiyo naeleza hapa. Mji wetu uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi ikilinganishwa na ya pwani. Feni hupoza kwa kuibebesha hewa joto na kuitoa nje. Hewa ikiwa nyepesi, kila mzunguko wa feni hutoa joto pungufu. Baridi yetu hufidia upungufu huo, na pengine huzidisha, ila haiwezi kufidia vumbi.

Vumbi la huku halina mfano. Tangu mvua zinapokatika hadi zinaporudi mwezi wa Novemba, ardhi nyekundu hupaa kwa kila bajaji inayopita, na kibanda chenye mlango unaotazama barabara hugeuka chujio. Nilikuwa nafungua mashine mwezi wa Oktoba na kukuta kati ya mapezi ya bati la kupozea pameota kitu kama blanketi, chenye unene wa kutosha kukibandua kwa kibano kikatoka kipande kizima. Mashine iliyoziba namna hiyo huzungusha feni kwa nguvu zake zote na kulia kama mashine ya kukoboa mpunga ya Mbarali, hadi wachezaji wanaongeza sauti ya televisheni, na jirani anayeuza vocha anaongeza sauti ya redio yake kuwajibu. Chini ya bati kuna pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu, ambayo baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasukapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Ukiisafisha na kupaka mpya, kelele hupungua siku hiyohiyo. Kosa nililolifanya mwanzoni ni kupuliza vumbi kwa pampu ya gereji bila kuishikilia feni, ikazunguka kwa kasi ambayo haikuumbwa nayo, na bearingi zake hazikuwa zilezile tena.

Yapo mengine ya nyanda za juu ambayo kitabu cha maelekezo huyataja kwa sentensi moja tu. Mashine iliyolala kwenye baridi kali ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto hupata ukungu wa maji ndani, hasa kwenye lenzi, na inafaa iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Sisi tulikuwa tunaipokea kutoka kwenye buti la basi saa kumi na moja alfajiri na kuiweka moja kwa moja karibu na jiko la mkaa, huku kila mtu ana haraka ya kuijaribu. Jiko lenyewe lilikuwa adui mwingine, kwani jivu jepesi hunyonywa na feni kwa urahisi kuliko vumbi la barabarani, na tuache hatari ya moshi wake kwa watoto waliofungiwa chumbani. Mende nao wanapenda mashine iliyo vuguvugu usiku wa baridi. Nilidhani ni aibu yetu peke yetu mpaka niliposoma kwamba mafundi wa Marekani wamekuwa wakilalamika kuwakuta ndani ya PlayStation 4, karibu na kigeuza umeme, mahali penye joto na matundu mapana ya kuingilia.

Kipo kisa kimoja mashuhuri kinachoonekana kuikanusha nadharia yangu kuhusu vitu vinavyosogea. Xbox 360, mashine ya kampuni ya Microsoft, ilitoka mwezi wa Novemba 2005, na baada ya muda wenye nazo wakaanza kuona taa tatu nyekundu zikiwaka kuzunguka kitufe cha kuwashia, dalili kwamba mashine imekufa. Mwezi wa Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani kwa ajili ya matengenezo. Hapo hapakuwa na lenzi wala kijiti. Lakini ukitazama kwa karibu utaona kwamba hata hapo kuna kitu kilikuwa kinasogea: chipu ikipata moto hutanuka, ikizimwa husinyaa, na vile vitone vidogo vya lehemu vinavyoiunganisha huvutwa huku na huko kila siku, kila unapowasha na kuzima, mpaka kimoja kinapata ufa. Mwaka 2021 wahandisi waliohusika walieleza hadharani kwamba viungio vilikuwa vikikatika kutokana na mashine kupata moto na kupoa mara kwa mara. Watu wa huko walizoea kuzifunga kwa mataulo zikachemka kupita kiasi, na mashine ikafufuka kwa siku kadhaa kabla ya kufa tena. Huku kwetu tungetumia blanketi, sina shaka.

Kukatika kwa umeme ni kero ambayo waliobuni mashine hizi hawakuiwaza sana, au waliiwaza kama ajali ya mara moja kwa mwaka. PlayStation 4 ikizimika ghafla, ikiwashwa tena hukukaripia kwa kutozimwa vizuri, kisha huanza kuikagua hifadhi yake huku foleni ikisubiri. Mara nyingine ukaguzi haumalizi kitu na inabidi uingie kwenye hali ya dharura: unabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde saba hivi mpaka usikie mlio wa pili, unaunganisha pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, kwa waya, kisha unachagua kujenga upya orodha ya data. Diski ngumu ya ndani nayo ni kitu kinachozunguka, na kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa macho, kwa hiyo umeme unaokata na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja si mzaha kwake. Nilimpoteza mteja mmoja, mwalimu wa sekondari aliyekuja kila Jumamosi, kwa sababu msimu wake wa tano wa kuiongoza timu ulipotea jioni moja ya Machi. Hakunilaumu. Aliacha tu kuja.

Wengi hununua stabilaiza wakidhani imemaliza kazi, na inafaa kutofautisha. Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika na yenyewe hukatika. Kifaa chenye betri ndicho kinachokupa zile dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa heshima. Ambaye hana uwezo wa betri, mimi humshauri angalau achomoe waya umeme unapokatika na asubiri taa ya chumbani iwake na kutulia kabla ya kuchomeka tena, kwa kuwa umeme unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo. Betri ninayoilalamikia kwa kweli ni nyingine, ile ya duara bapa ya CR2032 iliyomo ndani ya PlayStation 4 kwa ajili ya kutunza saa. Mwaka 2021 wachezaji walibaini kwamba betri hiyo ikiisha na mashine ikashindwa kupata saa kutoka kwenye mtandao wa kampuni, ilikataa kucheza hata gemu za diski. Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ililirekebisha jambo hilo kwa sasisho la toleo la 9.00 mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Nakubali kwamba lilirekebishwa, ila bado nashangaa kwamba liliwezekana.

Matundu ya HDMI, yanayopeleka picha kwenye televisheni, sitayasema sana. Mtoto akijikwaa kwenye waya, pini za ndani hupinda, na kulibadilisha tundu hilo kunahitaji bunduki ya hewa moto na mkono usiotetemeka. Kwa wale waliokuwa na televisheni za chogo, PlayStation 4 ilileta msiba wa ziada, kwa kuwa haina tundu la zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, na kibanda kizima kililazimika kununua televisheni mpya au vigeuzi vinavyofanya maandishi yasisomeke. Kuhusu skrubu zenye umbo la nyota na kinundu katikati, zilizowekwa ili usifungue, pamoja na vibandiko vinavyotishia kwamba ukifungua umepoteza dhamana, nina furaha ndogo ya kuripoti kwamba mwaka 2018 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliziandikia kampuni kadhaa barua za onyo kuhusu masharti ya namna hiyo. Huku kwetu dhamana ilikuwa kauli ya muuzaji tu: ikiwaka hapa dukani, ikifika kwako ni yako.

Nimeziacha pedi mwisho kwa makusudi, kwa sababu nikianza nazo huwa sifiki pengine.

Kijiti cha pedi, ambacho wateja wangu walikiita analogi, kina siri ambayo sikuijua mpaka nilipompelekea fundi mmoja mzee wa Kabwe, aliyeanza kazi wakati redio zilikuwa za mbao. Nilimweleza kwamba mchezaji kwenye kioo anatembea mwenyewe kuelekea kulia bila kuguswa. Aliifungua pedi, akakitazama kijiti kupitia miwani iliyofungwa kwa uzi, akacheka. "Mwanangu," akasema, "hii si volyumu ya redio? Redio ikianza kukwaruza, huwa unafanyaje?" Nikamjibu, "Naizungusha huku na huko, mzee, mpaka inyamaze." Akasema, "Basi."

Alikuwa sahihi kwa kila hali. Kila kijiti kina vipande viwili vya aina ileile inayopunguza na kuongeza sauti ya redio, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani yake ulimi mdogo wa chuma husugua ukanda wa kaboni, na mashine hujua mahali kijiti kilipo kwa kupima volti inayopita hapo. Ulimi unasugua, kaboni inalika, unga wake unabaki humohumo ndani, na kwa kuwa kijiti hurudi katikati kila kinapoachiwa, sehemu inayolika kuliko zote ni ile ya katikati, ambayo ndiyo inayoiambia mashine kwamba mchezaji amesimama. Kipimo cha katikati kikihama kidogo tu, mashine inaamini kwamba unasukuma, na mtu wako anaanza safari. Dawa ya mzee wa Kabwe, yaani tone la spiriti na kukizungusha kijiti mara hamsini, husafisha unga huo na kutoa nafuu ya wiki mbili au tatu. Hairudishi kaboni iliyokwisha kulika.

Mwaka 2021 watu wa iFixit, kampuni inayofundisha watu kutengeneza vifaa vyao wenyewe, walifungua pedi ya PlayStation 5, mashine iliyotoka mwishoni mwa 2020, wakakuta kijiti cha aina hiyohiyo ya kusugua kutoka kampuni ya Alps, ambacho mtengenezaji wake anakitajia uhai wa mizunguko milioni 2. Milioni 2 ni namba inayotisha mpaka uipeleke kibandani. Mtoto anayecheza mpira husukuma kijiti angalau mara moja kwa sekunde, yaani mara 3,600 kwa saa. Kibanda changu kilifanya kazi saa kumi kwa siku, kwa hiyo mara 36,000. Gawanya mwenyewe: ni siku 55 hivi. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya, kwa sababu miaka yote nilikuwa nawalaumu watoto kwa kuharibu pedi zangu kila baada ya miezi miwili, na kumbe walikuwa wakizitumia tu.

Nintendo nao walikuwa na msiba wao. Vijipedi vya mashine yao ya Switch, iliyotoka Machi 2017, vilipata sifa mbaya ya kutembea vyenyewe kiasi kwamba mwezi wa Juni 2020 rais wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu uliowapata wateja. Kinachoniudhi ni kwamba suluhisho halikuwa siri. Mwaka 1879 Mmarekani aitwaye Edwin Hall aligundua jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita ndani ya metali, na kihisi kinachotumia kanuni hiyo kinaweza kupima mahali sumaku ilipo bila kuigusa. Hakuna kusuguana, kwa hiyo hakuna ukanda wa kulika. Kampuni ya Sega ilitumia vihisi vya namna hiyo kwenye pedi za mashine yake ya Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998. Siku hizi makampuni madogo ya China yanauza pedi zenye vijiti vya sumaku kwa bei ya kawaida kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wakubwa wanaotengeneza pedi za bei ghali hawajui namna ya kuzuia kero hii, mimi simwamini. Naamini kwamba pedi inayoharibika hununuliwa mara mbili, na kwamba mwenye duka hana haraka ya kuliona tatizo linalomletea mteja.

Kubadilisha kijiti kizima kunawezekana, ila kina pini 14 zilizolehemiwa kwenye bodi, na zote lazima ziachie kwa pamoja bila kuchuna njia za shaba. Pedi tatu za kwanza niliziua mwenyewe. Ya nne ilipona, nikatembea nayo mfukoni siku nzima nikiwaonyesha watu.

Kero nyingine za pedi ni ndogondogo lakini zinajumlishana. Mpira wa juu ya vijiti vya pedi za mwanzo za PlayStation 4 ulikuwa ukibanduka, na tuliubadilisha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kwa wembe, vyenye harufu lakini visivyochakaa. Betri yake ni ya miliampea-saa 1,000, ndogo kwa kibanda, na tundu lake dogo la kuchajia hulegea likatikiswa na kila mtu anayecheza huku akichaji. Naipenda Xbox kwa jambo moja tu, kwamba pedi zake zinapokea betri mbili za kawaida ambazo hata duka la kijijini Isyonje linaweza kuwa nazo. Halafu kuna waya. Waya nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi zina nyuzi za chaji peke yake na hazina nyuzi za data, kwa hiyo pedi inachaji vizuri lakini mashine haiioni, na mtu anaweza kuhangaika saa nzima, akazima na kuwasha, akaita fundi, akalipa, kabla ya kubadilisha waya wa elfu mbili. Mafuta ya chipsi mayai na maji ya parachichi kwenye vitufe ni kosa letu, nakiri, na bango nililobandika ukutani kuhusu kunawa mikono halikuwahi kusomwa na mtu.

Katika miezi ya mwisho kabla sijafunga, nilikuwa na pedi moja nyeusi iliyokuwa ikivuta kulia bila kukoma, na sikuwa na fedha ya kijiti kingine. Kijana mmoja wa Ilomba aliizoea kiasi kwamba aliichagua yeye mwenyewe kila alipokuja. Alikuwa akishambulia kupitia winga ya kulia tu, akiacha kijiti kimsukumie mchezaji huku yeye akishughulika na vitufe, na mabeki wake walisogea wenyewe kuziba upande huo. Aliwafunga watu wazima kwa pedi ile. Siku nilipoleta pedi mpya kabisa na kumpa yeye kwanza, kama heshima, alifungwa mabao manne kwa bila, akainuka, akaniambia, "Kaka, shikamoo, lakini naomba ile mbovu."